Salamu za Mjaka

Nairobi, 3 Machi 2002

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, ila kifua kidogo kwa baridi ya huku. Tamim na mkewe hawajambo? Naona uchungu kuikosa arusi ya kaka yangu, na hata jina la wifi hukuniandikia.

Kazi ya kujitolea naipenda. Asubuhi nawafundisha wakimbizi Kiingereza, jioni kompyuta. Yumo Mtumbatu mmoja, Mjaka, aliyekimbia vurugu za Januari mwaka jana huko visiwani kwetu. Barua zake za kambini hazikujibiwa. Safari hii amekaa siku tatu akidonoa herufi kwa kidole kimoja: yu mzima, na akipata nchi ya kumpokea atamchukua mkewe. Mke ni Wanu binti Bakar, wa Mtoni. Barua yake ndiyo hii nimeitia humu. Nimemwahidi, Mama, na salamu ni amana.

Mwanao,
Ibtisam

Mpendae, 17 Machi 2002

Mwanangu Ibtisam,

Marahaba. Sisi wazima, alhamdulillahi. Kifua hicho kinywee tangawizi.

Huyo Wanu sina haja ya kumfuata Mtoni. Yuko jikoni kwangu, anapara samaki. Ndiye wifi yako. Tuliambiwa mashua aliyokimbilia mumewe imezama. Hitma ikasomwa, eda akaikaa hadi siku ya mwisho, Tamim akamuoa kwa halali. Sasa ana mimba ya miezi minne, mjukuu wangu wa kwanza.

Barua nimeichoma. Mwambie Mjaka mkewe amekufa. Usinikunjie uso, nakuona kutoka huku. Ukikataa, utafute mwengine wa kumwita mama.

Mamako

Nairobi, 2 Aprili 2002

Mama,

Shikamoo. Nimemwambia. Nilisema ni homa. Akaniuliza kama aliteseka sana, nikasema hapana, akanishukuru. Darasa zima likamsomea hitma, na mimi nikaitikia amin.

Nilidhani ataacha masomo. Kumbe ndiyo kwanza anakazana, habanduki kwenye kompyuta. Juzi nimemfundisha barua pepe. Najichukia, Mama.

Ibtisam

Mpendae, 9 Juni 2002

Ibtisam,

Sikuulizi hali, na yangu usiiulize.

Ijumaa Mzee Bakar alikuja na karatasi. Mjaka kamwandikia barua pepe nduguye Yussuf, mwenye kompyuta za kukodisha pale Malindi ya hapa mjini, naye kaichapa na kuipeleka Mtoni. Ni rambirambi. Anampa pole mkwewe kwa kufiwa na binti, na anauliza kaburi liko upande gani, ili siku akirudi alizuru.

Wanu aliisoma mwenyewe, kasimama mlangoni, mkono tumboni.

"Mama, kumbe ulikuwa ukijua?"

Nikanyoosha mkono niichukue karatasi, hakunipa.

"Na Ibtisam?"

Nikamwambia wewe ndiye uliyemzika.

Akafunga nguo zake, akafuatana na babake. Tamim aliwafuata hadi barabarani, akarudi peke yake. Hali chakula changu, hasemi nami. Mjukuu wangu sitampakata.

Mimi nilikutuma useme neno moja tu. Nani alikutuma umfundishe Mjaka barua pepe?

Wanu alipokuwa akitoka nilimuuliza, kama ilivyo ada, ana salamu gani kwako. Akasema, "Mwambie nshakufa."

Salamu ni amana. Nimekufikishia.

Mamako