Shingo ya Tela kwa Pikapu Yako Fupi

Swahiba Seif,

Kwa heshima na taadhima, baada ya kikao kirefu kilichohudhuriwa na mimi peke yangu, nakutangazia kwamba kitanda chako hapa chumbani kwetu Sanyuanli, huku kwa Wachina, kimepandishwa cheo: sasa ni kabati. Juu yake kuna sampuli za mikoba kutoka viwanda vya Shiling, chaja zisizo na wenyewe, na suruali zangu ambazo zimeamua kunikataa kiunoni. Wajumbe hawakuwa na maswali. Kikao kikafungwa kwa chai, na chai yenyewe haikuwa na tangawizi, maana mpishi umeondoka.

Ungekuwepo ungesema, "Bakari, kunenepa hukuanza leo." Najua. Endelea kucheka.

Nimechoka, Seif. Si kuchoka kwa kubeba mizigo, hata umri nausingizia tu. Ni kuchoka kwa kueleza. Yule laobani, mwenye duka la vipuri, mama uliyekuwa unamwita bosi huku unambishia bei mpaka anafunga kikokotoo, kila nikipita ananiuliza pengyou wako yuko wapi, rafiki yako yuko wapi. Nilimwambia umekwenda nyumbani. Na kweli ulikwenda nyumbani. Ulikwenda Morogoro kufunga Ramadhani na familia, ukaugua, hukurudi. Lakini akazidi kuuliza. Kichina changu unakijua, ni cha sokoni: ghali, punguza, nyingine. Hili lako sina neno lake. Siku moja nikamwambia "meiyou", lile lile tunaloambiwa tukiulizia rangi iliyokwisha. Hakuna. Akanitazama, akaelewa. Akanisogezea kigoda, akaendelea kufunga maboksi yake bila kuniuliza nanunua nini.

Nilichokwenda kununua ni shingo yako.

Mke wako alinipigia baada ya eda. Unamjua shemeji, salamu zake zikishakwisha tu anaingia kwenye kazi. Akasema mafundi wa pale Msamvu wameshachomelea fremu ya tela, ile uliyowaagiza kabla hujaugua, na inasubiri shingo ya bata: ule mkono uliopinda unaotoka mbele ya tela, ukapita juu, ukashukia kwenye goroli kubwa ya chuma ndani ya bodi ya pikapu. Wenye maduka ya matenki ya maji bado wanamwamini. Asipoanza, watampa kazi mtu mwingine.

Mimi, kwa hekima zangu zote, nikamshauri auze gari. Nilisema kwa sauti ile ya watu wazima, unaijua, ninayoitumia nikiwa sijui ninachosema.

"Bakari," akasema, "hiyo gari ndiyo kitu pekee kilichobaki humu ndani kinachotoka asubuhi na kurudi jioni."

Nikamuomba vipimo.

Akanipa vile vile ulivyonipa wewe. Mafundi nao wakapima, wakapata hivyo hivyo. Watu wote mnakubaliana kuwa ile pikapu ina bodi ndefu, mimi ni nani nibishe? Nikaenda kwa laobani, nikachagua shingo iliyonyooka, ya bodi ndefu, na reli zake za kufungia goroli. Kwa mujibu wa mafundi goroli ingekaa katikati kabisa ya bodi, na walishapachora pale kwa chaki. Nikaomba niwekewe, kesho yake niende nayo ofisi ya kago.

Jioni ile shemeji akanitumia video gari linaoshwa. Nikaitazama mara ya kwanza, nikaitazama tena. Nikampigia mbio.

"Shemeji, umeshauza gari? Hili dogo la nani?"

"Ni hilo hilo. Nimefunga mlango wa nyuma, kuku wa jirani walianza kulala humo."

Seif, swahiba wangu, mtu uliyekuwa unanisema sijui kukunja shati! Tangu ununue lile gari, mlango wa nyuma wa bodi umening'inia kwenye minyororo, ukishikilia mabati yanayochomoza. Picha zote ulizotuma mlango uko chini. Shemeji hajawahi kuuona umefungwa. Mafundi walipima mpaka kwenye ncha ya mlango, na wewe ulipima mpaka kwenye ncha ya mlango. Sote tulikuwa tunapima gari fupi na ulimi wake nje.

Nilicheka mpaka mpangaji wa chumba cha pili akagonga ukuta. Halafu nikageuka nikusimulie, nikakuta kabati.

Asubuhi nikarudi kwa laobani. Ile "katikati" ya mafundi, mlango ukishafungwa, ilikuwa nyuma ya ekseli. Goroli ikikaa pale, mzigo unakandamiza mkia, pua ya gari inainuka, na matairi ya mbele yanapoteza mshiko. Kwenye ile miteremko yanakokwenda matenki, gari lingekuwa linaomba dua badala ya kukata kona. Kwa hiyo goroli lazima isogee mbele, ikae juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Sawa. Lakini ikisogea pale, tela nayo inasogea, na bodi ni fupi. Ukikata kona kali, pembe ya mbele ya tela inazunguka na kuja kubisha hodi kwenye kioo cha nyuma cha kabini. Na ndani ya kabini yumo shemeji.

Ndiyo maana nilisumbuka, nakiri. Nilishinda pale dukani nikipanga boksi za viberiti kama magari, nikizikunja huku na huku mbele ya wateja. Laobani akaniletea shingo ya pili, ambayo kwa chini imepinda kurudi nyuma, ili tela ibaki mbali na kabini hata gari likijikunja. Dawa ndiyo hiyo, ila ina madhara yake: ule mpindo unaitesa fremu, kwa hiyo lazima upunguze mzigo na uongeze chuma pale shingo inapoungana na tela. Akanionyesha pia goroli inayogeuzwa, ukimaliza kazi unaizamisha chini ya sakafu na bodi inabaki tambarare. Nikaitaka hiyo, kwa sababu bodi ikiwa tambarare shemeji anapakia mabati kama zamani.

Sikuchagua peke yangu, usije ukanijia ndotoni kunilaumu. Nilimpigia, nikamweleza yote mawili. Hii iliyonyooka inabeba zaidi lakini inaweza kuja mgongoni kwako. Hii iliyopinda ni salama lakini utaacha matenki mawili kila safari. Hakufikiri sana. Akasema Seif angechukua ile inayobeba zaidi, halafu angekwenda akiimba. Akasema yeye hajui kuimba. Nichukue iliyopinda, na mafundi wakate pembe za mbele za tela kabisa.

Ikapakiwa kwenye kontena la kuchangia, kati ya vyerehani vya mtu na midoli ya soko la Yide Lu. Ikafika. Ikafungwa.

Sasa nikuambie. Hapa ofisi ya kago nimewasimulia kwamba siku ya kwanza ilikwenda kama maji, shemeji akakata kona ya stoo ya matenki bila hata kupunguza mwendo, wapagazi wakapiga makofi. Wamefurahi, wameninunulia na soda. Haikuwa hivyo.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa naangalia kwa simu ya video, fundi ameshika yake kule kwenye kona. Shemeji aliingia ile kona polepole sana, tela ikaanza kujikunja, pembe ile iliyokatwa ikasogea kuelekea kabini, na mimi huku nikasimama bila kujua nimesimama. Akakanyaga breki. Akashuka. Akaweka kiganja chake kati ya tela na kabini, kikapita, kikabaki na nafasi. Akapanda, akamaliza kona, wakashusha matenki. Hakuna aliyepiga makofi. Mpagazi mmoja alimuuliza kama atakuja tena Alhamisi, akasema atakuja. Basi.

Kesho yake akanipigia. Nilitegemea tutaongelea shingo, kama inalia, kama mafuta yanatosha. Akasema shingo iko vizuri. Halafu akasema alipofika nyumbani jioni ile alipiga honi getini, akazima gari, akakaa. Miaka yote wewe ulikuwa unapiga honi, yeye anatoka kufungua. Akakaa kwenye usukani anasubiri, giza likaanza kuingia, mpaka akakumbuka kwamba anayefungua geti ni yeye, na yeye yuko kwenye gari.

Akashuka akafungua.

Nilisema, "Ndiyo, shemeji," kama mjinga. Yeye ndiye aliyenipa pole.

Lala salama, swahiba. Mungu akulaze pema, na huko uliko usiwabishie bei. Mimi nafunga hesabu zangu huku, nakata tiketi, nakuja Morogoro kabla mwaka haujaisha. Nitakuja kaburini kwako mchana, na jioni nitasimama getini kwako. Akipiga honi, nitafungua. Ni jioni chache tu, najua, kisha nitarudi huku. Lakini hizo chache nakuahidi.

Rafiki yako,
Bakari