Makaa Yaliyonyeshewa

Liège, 12 Februari 2024

Shangazi yangu Asiya,

Assalamu alaykum. Natumaini goti limepata nafuu. Mimi sijambo, ila baridi ya huku haina adabu.

Makaa ya maganda ya chikichi uliyompa Kabwe aniletee alipokuja huku yamenipa sifa. Tunatafuta kaboni itakayoisaidia betri kuvuta oksijeni ya hewa na kutoa umeme. Wenzangu wananunua kaboni safi ya kiwandani. Mimi nilisaga makaa ya Rumonge, yakaishinda. Sasa profesa anataka mfuko wa pili. Mfuko huo ukitoa matokeo yale yale, teze yangu, tasnifu ya udaktari, itakuwa imara. Ukishindwa, sina kitu, na masomo yangu yanalipiwa mpaka Juni tu.

Mwanao,
Sabrina

Rumonge, 5 Machi 2024

Sabrina wa kaka yangu,

Wa alaykum salaam. Goti bado linalalamika, nami bado silisikilizi.

Sikushangaa. Wakaanga ndagala, dagaa wetu wa ziwani, wote wa hapa hununua makaa kwangu, na wa Magara wanawapita wauzaji wengine kuja kwangu. Nimekuchomea mapya, nimeyachagua moja moja juu ya mkeka. Yanang'aa, ukiyagonganisha yanalia kama sahani. Msalimie profesa, na umuulize kama ana mtoto wa kiume anayejua kuswali.

Shangazi yako,
Asiya

Liège, 2 Aprili 2024

Shangazi,

Salamu nyingi, nisamehe barua ya leo ni fupi. Mfuko umefika. Makaa ni mazuri ajabu kuyatazama, na hayafanyi kazi. Nimepima mara nne. Profesa ameniuliza taratibu kama mara ya kwanza niliandika namba za kweli, na swali hilo limeniuma. Kuna kitu ulikifanya tofauti? Nieleze, hata kiwe kidogo.

Mwanao,
Sabrina

Rumonge, 20 Aprili 2024

Mwanangu Sabrina,

Salaam, na pole. Barua yako nimekaa nayo siku tatu.

Makaa ya kwanza yalikuwa mabovu. Moto ulikuwa umekolea, mvua ikashuka kutoka milimani, na kifuniko cha pipa la kuchomea kilikuwa na tundu. Maji yakaingia, mvuke ukayapuliza mpaka yakawa mepesi. Jirani yangu Leonidasi akasema, "Mama Asiya, haya makaa iko mabovu, watu watatucheka." Kabwe alikuwa anaondoka asubuhi ile, sikuwa na mengine. Nikafunga mfuko, nikanyamaza.

Miaka ishirini na sita sijamuuzia mtu makaa yaliyonyeshewa, nikaja kumpa mtoto wa marehemu kaka yangu. Nisamehe, na usilitaje jina langu kwa profesa wako na wenzake.

Shangazi yako,
Asiya

Liège, 11 Mei 2024

Shangazi yangu,

Assalamu alaykum. Nililia, kisha nikakimbilia maabara. Yale mazuri niliyarudisha motoni, nikayapitishia mvuke. Yakafanya kazi kama ya kwanza, mara tatu, profesa amesimama pembeni.

Chembe za kaboni hujipanga kama safu ya watu wanaoswali, bega kwa bega. Safu ikijaa, anayechelewa hana pa kusimama. Mvuke uling'oa chembe hapa na pale, na oksijeni inayopita hushika penye pengo. Kasoro ndizo zinazofanya kazi, Shangazi. Wenzangu wanazitafuta kwa mashine. Wewe ulizipata kwa pipa bovu, nami najivunia kuwa damu yako.

Ila teze lazima iseme nani alichoma mfuko wa kwanza na vipi, naye akubali kwa maandishi. Bila hivyo watadhani nimebuni. Najua uliniomba nini. Nasimama mbele ya majaji tarehe 20 Juni.

Mwanao,
Sabrina

Rumonge, 2 Juni 2024

Mwanangu Sabrina,

Salaam. Sote wazima.

Nimefikiri sana, nikaona Elda, mteja wangu wa kwanza, asilisikie jambo hili kwa wengine. Nikaenda kumwambia kwamba nami nilichoma makaa yakaharibika. Akageuza ndagala zake akasema, "Basi na wewe uko mutu kama sisi," akachukua magunia mawili.

Andika hivi, kwa herufi kubwa wasome vizuri: Makaa haya yaliharibika Rumonge, mikononi mwa Asiya binti Hadji, na yeye mwenyewe yuko tayari kuulizwa.

Shangazi yako,
Asiya