Kupiga pont

Mujukuu wangu Kapinga, moyo kwako. Hapa Kapata tuko bazima, nkambo yako mwanamuke alipona mugulu. Unaniuliza namna ya kupata fasi ya muzuri ya kupiga foto mu safari yako ya jangwa kule Namibie.

Wakati ya Zaïre, mi kijana, nilipita na gari mu barabara ya Kisenge, kiangazi, majani yote iliungua. Karibu na pont, daraja ya muto, nikashuka, nikafunga jicho moja, nikatembea huku na kule. Soda, askari mwenye kulinda pont, akaniuliza:

"Citoyen, unatafuta nini?"

"Fasi ya muzuri ya kupiga hii pont."

Nilisahau kusema foto. Akanielekezea bunduki. Nikamuonyesha appareil ya foto, akachungulia ndani muda murefu.

"Hapa haiko muzuri," akasema. "Enda kule, jua itakuwa nyuma yako."

Ile pont alikuwa anaiangalia kila siku. Lakini na yeye akabakia nyuma yangu, na sikumuamini.

Uliza mutu mwenye kukaa pale, mama, ila tanguliza neno foto. Nakutumia ile yangu. Sikupigaka ingine ya kuipita. Chini, mu mavumbi, utaona bivuli bibili. Ile ya bunduki haiko yangu.

Nkambo yako