Mhasibu wa Kuruka na Rungu

Ukunda,
Jumapili jioni.

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Bwana asifiwe sana. Natumai barua hii itakukuta wewe na Mama mkiwa wazima, na kwamba goti lako limepata nafuu tangu mvua zilipokatika. Ningependa pia kujua kama kifua cha Mama kimetulia, na kama bado anajitwika machungwa kichwani ilhali daktari alimkataza. Mimi huku ni mzima wa mwili. Roho ndiyo iliyochafuka, na ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Nikipiga simu Mama huiweka sauti ya juu, na nusu ya kijiji chetu cha Majimboni husikia. Anayekuletea barua ni Jemima wa kwaya. Nimeifunga kwa gundi, nakuomba uisome peke yako.

Nimeupata ujumbe wako kwamba kanisa limenichagua niwe mgeni wa heshima Siku ya Vijana, nisimame niwaambie watoto wa kidato cha nne wasome kwa bidii kama Kiilu wa Mzee Ndolo, wapate vyeti, na vyeti viwapatie kazi nzuri ya ofisini. Nashukuru kwa heshima hiyo, lakini sitakuja. Nikiyasema maneno hayo nitatapika pale pale mbele ya madhabahu, na sifanyi mzaha.

Hujawahi kuisikia habari ya jinsi nilivyoingia hoteli hii ya Diani, kwa hiyo nisikilize. Siku ya usaili nilivaa suti uliyoninunulia, vyeti vyangu vyote nimevitia kwenye bahasha ya kaki. Tulikuwa wengi, wengine wametoka Msambweni na Matuga tangu alfajiri, kila mtu na digrii yake na jasho lake. Nilipoitwa ndani nilimkuta bwana mmoja mezani anakula samaki wa kukaanga. Hakunawa. Aliichukua digrii yangu kwa vidole vile vile, akaigeuza nyuma kana kwamba anatafuta bei, akanirudishia ikiwa na alama ya dole gumba la mafuta juu ya jina langu. Swali lake lilikuwa moja tu, nani amenituma. Nikamjibu nimekuja mwenyewe. Akacheka, akachokonoa mwiba kwenye jino, akasema nitapigiwa simu. Kazi ya uhasibu aliipata Mercy, mpwa wake, ambaye sisi tukiwa bado kwenye foleni alikuwa ameshapewa kiti na anajaribu kama kinazunguka. Ptu!

Getini nilikutana na Tembo, Mduruma wa Kinango, mkuu wa kikundi cha ngoma cha hoteli. Huyo hakuuliza jina wala cheti. Alinitazama miguu mpaka nikaona haya, kisha akauliza kama naweza kuruka. Nikamwambia mimi ni mhasibu. Akasema sijajibu swali lake. Basi, Baba, nikaruka hapo hapo, suti mwilini na bahasha kwapani, walinzi wananishangilia. Kesho yake nilikuwa na kazi.

Kazi yangu ni Umasai. Ndiyo, umesoma sawasawa. Wageni wakimaliza chakula cha jioni tunawatokea na shuka nyekundu, shanga na rungu, tunaruka na kuguna. Katika kikundi chetu hakuna Mmasai hata wa dawa. Tembo Mduruma, Garama Mgiriama, na mimi Mkamba wa kutoka kwenye michungwa. Shingoni na kichwani tunajipaka rangi nyekundu ya sakafu iliyochanganywa na mafuta ya kupikia, na ikishika joto hunuka vibaya mno. Ule upele uliouona shingoni mwangu siku ya Pasaka, ukaniwekea mkono ukauombea, haukuwa upele. Ilikuwa rangi imegoma kutoka.

Afadhali ingekuwa kuruka tu. Kinachonitia kichefuchefu ni kwamba nimepigwa marufuku kujua Kiingereza. Siku moja bibi mmoja Mzungu aliangusha miwani, nikamwokotea, nikamwambia kwa Kiingereza safi kwamba kioo kimoja kimepata ufa. Uso ulimshuka kama wa mtu aliyeuziwa maziwa yaliyotiwa maji. Alikwenda mapokezi kulalamika kwamba ametapeliwa. Nikasimamishwa kazi wiki nzima, nikaelezwa kwamba Mmasai msomi hana soko. Toba! Mlijinyima nyama na chumvi ili nisome, na leo nalipwa kwa kukificha nilichosoma, nikikionyesha kidogo tu nafukuzwa. Halafu niende nikawaambie watoto wa watu elimu ni ufunguo. Ufunguo wa mlango upi?

Utaniuliza kwa nini siiachi kazi hii. Lisilobudi hutendwa, Baba, na hapa nakuomba ukae kitako.

Mutheu alipoitwa chuo cha uuguzi na karo ikakosekana, ulikuwa umeshamtafuta mnunuzi wa shamba. Nilikwambia usiuze, mwajiri wangu atamlipia dada yangu. Ulisimama kanisani ukamshukuru Mungu kwa ajili ya mwajiri huyo. Baba, hakuna mwajiri kama huyo.

Kulikuwa na wageni wawili, mume na mke, walimu waliostaafu huko kwao. Baada ya ngoma walimwuliza Tembo kama mimi ninajua kusoma. Kabla sijafungua mdomo, Tembo aliwajibu kwamba tangu nizaliwe nachunga ng'ombe tu, na kalamu sijaishika. Yule mama alilia, Baba, machozi ya kweli. Wakasema watanigharimia nisome mpaka nijue, hata ichukue miaka. Tembo akanigeukia, akanitolea Kiswahili cha haraka kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone, niitikie kwa kichwa nisiwe mjinga. Nilimfikiria Mutheu ameketi nyumbani na sanduku lake limeshafungwa. Nikaitikia kwa kichwa.

Pesa za kunifundisha mimi kusoma ndizo zinazomsomesha Mutheu. Kila mwezi wanataka kuona maendeleo yangu, kwa hiyo Tembo hunipiga video nimevaa shuka, nasoma ba, be, bi, bo, bu. Ya kwanza tuliirudia, kwa sababu alisema nimesoma upesi mno. Sasa nimefika kwenye maneno mafupi. Mwezi uliopita nilisoma "baba ana kuku", nikakwama kwenye "kuku" kama tulivyopanga, na wale wazee wakanijibu kwamba wanajivunia mimi. Jambo linalonichukiza kuliko yote ni hili: nilifurahi. Yule bwana wa samaki hakunipa hata neno moja kwa digrii nzima, na mimi nikalala na tabasamu kwa sababu ya kuku. Najitemea mate.

Mutheu hajui lolote, na amebakiza mwaka mmoja tu avae sare ya uuguzi. Wale wazee wakigundua, atarudi nyumbani, na mnunuzi wa shamba yuko pale pale.

Ninayaandika haya leo kwa sababu wanakuja, Baba. Mwezi ujao watakuwa hapa Diani, na wameomba kupelekwa nyumbani wakawaone wazazi wa mchunga ng'ombe. Nimejaribu kuwazuia, nimewaambia kupitia Tembo kwamba barabara ni mbovu, wakasema ndiyo vizuri zaidi. Tembo ataazima ng'ombe wa mjomba wake kwa siku hiyo. Hilo nimeliacha mikononi mwake.

Lakini picha ya mahafali iliyo ukutani sebuleni, ile ambayo nimevaa joho wewe ukiwa umenishika bega, nakuomba uiteremshe wewe mwenyewe. Biblia zako na miwani yako ya kusomea uvifiche chumbani, kwa maana Tembo amewaambia kwamba hata nyinyi hamjui kusoma. Najua wewe ni mzee wa kanisa na hujawahi kusema uongo mbele ya mtu. Sikuombi useme chochote. Nyamaza tu.

Nitaketi mbele yenu na shuka, nisome mstari mmoja kwa kukwamakwama. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma kwa Biblia ya Kikamba kabla sijaanza shule, na najua kidole chako kitataka kuninyooshea neno. Usinisaidie. Wamesema kwamba nikimaliza mstari, wangependa kuwaona wazazi wangu wakinipigia makofi.

Nipigie, Baba.

Mama msalimie sana, ila mwambie nusu tu ya haya. Wasalimie wa kanisani, na uwaombe wamtafute mtu mwingine wa kuzungumza na vijana. Mungu awalinde mpaka tutakapoonana.

Ni mimi mwanao,
Kiilu Ndolo.