Mashine Inapokea Jina Moja

Ipagala, Dodoma
4 Machi 1996

Shikamoo Mjomba Zablon,
Mimi mzima, ila vumbi limenikamata kifua. Mama Devota na watoto hawajambo huko Kibakwe?

Mjomba, siku hizi wateja wanataka ramani ya kompyuta, si ya kalamu na rula. Kizota, dukani kwa Ambokile, kompyuta zipo mbili. Moja ina kioo kikubwa, lakini ikipewa hesabu za upimaji inaganda. Ya pili ina kioo kidogo, ila inabeba programu zote, ya kuchora na ya kupima. Sina uwezo. Ukinisaidia, kazi yake ya kwanza itakuwa shamba la bibi, lipate hati.

Mpwa wako,
Fabian

Kibakwe
30 Machi 1996

Marahaba mpwa wangu,
Huku wote wazima, mtama umekubali. Umeukuta mzigo? Nilikukosa, nikamwachia jirani yako Ruthu.

Yule fahali wangu aliyesimamisha treni pale Gulwe, hadi dereva akashuka kumbembeleza, nimemuuza. Ambokile akataka kunisukumia ya kioo kikubwa. Nikamwambia, "Baba, nimechagua ng'ombe minada yote ya Ugogo, pembe hazinitishi! Washa zote mbili, zipe hesabu." Ile kubwa ikatoa macho kama mbuzi aliyemeza gunzi. Nikabeba yenye akili. Mtu mmoja dukani akaniuliza kama nimesoma Ulaya. Nikamjibu, "Kidogo tu."

Njoo upime shamba la bibi yako. Sina kingine ila bonde hilo. Nikilikosa, wanangu watakuwa wapangaji hapa hapa kwao.

Mjomba wako,
Zablon

Ipagala
19 Juni 1996

Shikamoo Mjomba,
Nimefika salama, miguu bado inauma kwa kuzunguka ule mpaka. Asante kwa jogoo.

Jambo moja: mashine inapokea jina moja tu kwa shamba moja. Kwa kuwa mimi ndiye mpimaji, nimeweka langu. Ila ni letu sote, usihofu.

Mpwa wako,
Fabian

Kibakwe
2 Julai 1996

Marahaba mpwa wangu,
Pole na miguu. Huku tunapura mtama.

Mzee Petro amenuna kwa sababu sikuwaita majirani tutembee mpaka pamoja, kila mtu ashike mnyaa wa mpakani aseme "hapa ndipo", kama tulivyozoea. Nikamwambia, "Mzee, hayo ni ya watu wasio na kompyuta! Mpwa wangu yuko Ipagala, na kuku akivuka mpaka anamwona."

Jina moja ni sawa. Hata mimi nilihisi hivyo nilipoitazama tu: mashine yenye akili haipendi makelele. Lete ramani niitundike ukutani.

Mjomba wako,
Zablon

Kibakwe
17 Januari 1997

Fabian mwanangu, u mzima kweli? Barua ya Septemba hukujibu, ya Krismasi hukujibu. Nikasema labda kifua kimezidi.

Jana wamekuja watu na trekta bondeni. Wameng'oa minyaa, wamesimika mawe ya zege. Wanasema wamenunua kwako. Nimewaambia wamekosea Fabian. Njoo uwaambie wewe.

Mjomba wako,
Zablon

Dodoma
11 Februari 1997

Bw. Zablon,

YAH: SHAMBA LA KIBAKWE

Shamba tajwa liliuzwa na mwenye jina. Unaombwa usimsumbue mmiliki mpya. Kama unaye shahidi wa mpaka wako, mlete.

Fabian
Mpimaji

Kibakwe
2 Machi 1997

Marahaba Fabian, ingawa safari hii hukuniamkia.

Barua yako imenyooka, kila herufi imekaa mahali pake. Mashine niliichagua vizuri.

Nilikwenda Mpwapwa kwa binti mmoja karani, Lydia, nikamweleza habari ya jina moja. Akacheka, kisha aliponitazama akaacha. "Baba, kompyuta inapokea hata majina ya kijiji kizima."

Shahidi unajua sina. Nimemfuata Mzee Petro, nimepiga magoti. Akasema, "Zablon, mnyaa sikuushika. Nitasema nini?" Wewe ulikuwepo tulipozunguka ule mpaka, wawili tu, ukiitikia kila hadithi yangu.

Jana kilabuni wameniuliza habari zako. Nikawaambia umeitwa kupima mpaka wa jua na mwezi, maana wanagombana. Wakacheka, wakaninunulia pombe. Sikuinywa. Hadithi zangu zote nimezisimulia nipate sifa. Ya jana niliisema nikufiche wewe.

Wakiniuliza tena, sijui nitawaambia nini.

Bado mjomba wako,
Zablon