Mahameli Uliyoichana, Mkaguzi

Mwaka umetimia, Mkaguzi, tangu ulipojilaza juu ya jora la kitambaa katika karakana ya Baba, usiamke tena.

Ulikuwa paka wa kijivu, mkubwa, usiyependa kubembelezwa. Jina lako ulilipata kazini. Baba ni fundi makochi, na kila jora jipya lilipoletwa alikata kipande, akakifunga kwenye mguu wa meza, akakuachia. Kilichostahimili kucha zako kiliingia dukani. Kilichochanika, jora lake lilirudi kwa muuzaji. Hukuhongeka: muuzaji mmoja alikuletea samaki, ukamla, na kitambaa chake ukakichana vilevile. Wateja wenye watoto watundu hawakuanza na bei. Walianza kwa kuuliza, "Mkaguzi amekipitisha?"

Kuchagua kitu cha kukukumbukia kumetutoa jasho. Dada, ambaye ni muuguzi, aliagiza sanamu ya udongo. Mama aliigeuzageuza, akairudisha kwenye boksi. "Huyu anacheka. Mkaguzi alimchekea nani humu ndani?" Picha nazo hazikufaa, karibu zote umetupa kisogo.

Kisha Kaka, anayefanya kazi na Baba, akaleta kitambaa cha mwisho ulichokikagua. Kilikuwa kizima, nyuzi mbili tu zimevutika. Alitaka kitiwe kwenye fremu kwa sababu ndicho ulichokigusa mwisho. Baba alikipapasa. Kilikuwa kitambaa hafifu, na siku ulipokipitisha ndipo alipojua kwamba nguvu zimekuishia. Alifunga duka mchana kweupe, akakubeba hadi kwa daktari wa mifugo, akaambiwa ni uzee.

"Kiweke kando, mwanangu," alimwambia Kaka. "Hicho ni cha ugonjwa. Mimi namtaka yule wa kazini."

Kaka akasema vipande vya kazini vilikwisha kutupwa vyote. Baba alipanda ngazi, akashusha kutoka juu ya kabati kipande cha mahameli nyekundu ambacho hakuna aliyejua kwamba anacho. Muuzaji wake alikuwa ameapa kuwa hakichaniki. Ulikifanya matambara kabla mwenyewe hajamaliza chai. Kaka alikitazama, akacheka, akaenda kutafuta misumari.

Sasa kimetundikwa juu ya kaunta. Fremu ameitengeneza Baba mwenyewe, na kioo hakuweka, ili anayetaka apapase. Mteja mgeni akiuliza inakuwaje fundi makochi atundike matambara ukutani, Baba humwonyesha mistari ya kucha zako, iliyonyooka kana kwamba imepigwa rula. "Mimi ninashona," humwambia. "Huyu ndiye aliyekuwa anajua vitambaa."

Tunaokukumbuka ni Baba, Mama, ambaye bado anaokota manyoya yako kwenye makochi na hayatupi, Dada, Kaka, na wajukuu, uliowavumilia kuliko ulivyotuvumilia sisi. Yupo pia muuzaji wa ile mahameli. Bado huja, na siku hizi vitambaa vyake ni vizuri.

Hatutakusahau maisha yetu yote.