Brusela ya Oscar

Kitengela, 4 Juni 2024

Nashipai ameanguka kwa kochi sasa hivi akishika kifua. Nimeruka kutoka jikoni, kumbe anacheza. "Mimi ni anko Oscar," anasema, halafu anahema kama mbuzi aliyekimbizwa. Nimecheka, halafu kicheko kikanikauka.

Supa, ndugu yangu. Natumai huko Bisil mko salama, mama yetu Yieyo na ng'ombe pia. Sisi tuko, shemeji yako Bedan anakusalimia.

Juzi ukija kwetu ulipumzika kila ngazi, na mafua yalikuwa yameisha. Mimi naona ni brusela, ya maziwa mabichi, kama ile uliugua ukiwa kidato cha pili. Enda hospitali. Usikubali wakuzungushe, waambie wapime brusela moja kwa moja.

Dadako,
Mama Nashipai

Bisil, 11 Juni 2024

Ipa, dadangu. Sisi wazima, isipokuwa Yieyo amenuna. "Maziwa yangu yamelea nyinyi wote, leo ndiyo sumu?" Ni wewe umetuletea vita!

Lakini ulijua kama daktari. Nilifika nikasema, "Nipimeni brusela." Wakapima, ikatoka. Hawakuuliza mengine. Sasa nadungwa sindano. Nikilala chali kifua kinauma, na nikipanda kilima moyo unarukaruka, lakini dawa itamaliza.

Kesho asubuhi Lemayian na marika wengine wananipeleka porini, tuchinje, ninywe supu ya miti ya dawa nirudishe nguvu. Huko hakuna netiweki. Mbusu Nashipai.

Nduguyo,
Oscar

Kitengela, 12 Juni 2024

Oscar, kama hujatoka usiende.

Leo nilimpeleka Nashipai kliniki, nikamhadithia daktari wa watoto, Apondi, nikijisifu vile nilijua ugonjwa wako. Hakucheka. Aliuliza, alikuwa na mafua kwanza? Akilala kifua kinazidi? Anasema hicho kipimo kinaweza kuonyesha hata brusela ya zamani. Anasema mafua yanaweza kushuka mpaka kwa msuli wa moyo, ukavimba, hata kwa kijana kama wewe. Unafaa kupimwa moyo kwa ile mashine ya waya, utolewe damu, upigwe picha ya moyo wenyewe. Kabla ya hapo usikimbie, usibebe kitu.

Nimepiga simu yako, haishiki. Ya Lemayian pia. Ukiona hii kaa chini hapo ulipo, tutatuma gari.

Dadako

Kajiado, 17 Juni 2024

Ndugu yangu mpendwa,

Nashindwa kukuuliza hali na niko hapa hospitalini, nje ya mlango wako. Naandika uisome ukiamka.

Lemayian amenieleza. Baada ya nyama walianza kuimba na kuruka, na wewe ukaona aibu kukaa kama mzee. Uliruka, ukaanguka. Walikubeba mpaka barabarani wakipokezana.

Wamepiga picha. Ni msuli wa moyo umevimba, unasukuma damu kwa shida. Daktari akaniuliza nani alisema brusela. Nikasema ni mimi. Oscar, ulikuwa uende umwambie daktari unavyosikia, lakini ulimpelekea jibu langu. Ningenyamaza tu, wewe ungeongea.

Lakini anasema vijana wengi hupona wakipumzika vizuri. Utakaa kwetu. Hutachota hata maji. Bedan amesema atakufulia, na huyo hajawahi kufua soksi zake! Yieyo ako hapa, hajanuna tena, anaomba tu.

Mlango umefunguliwa. Daktari anaita, "Nani hapa ni wa Oscar?" Nimeinua mkono. Uso siuoni vizuri, amevaa barakoa. Ngoja nimsikize, nikirudi nikuandikie vile siku utatoka hapa tuta—